Beryl Markham: rubani aliyebishana na giza

Tarehe 16 Juni 1935, kabla hakujapambazuka, ndege ndogo ya injini moja aina ya Avro Avian iliruka kutoka Nairobi kuja huku kwetu Tanganyika, mahali panaitwa Nungwe. Wenzangu wa kutoka visiwani mtulie kwanza, hii siyo Nungwi ya Unguja. Ni Nungwe ya Geita, kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako miaka ile wachimbaji walikuwa wanatafuta dhahabu. Ndani ya ndege alikuwepo mtu mmoja tu, mwanamke wa miaka 32, na mtungi wa oksijeni kwa ajili ya mchimbaji aliyekuwa mahututi. Redio hakuwa nayo. Chini yake kulikuwa na pori na giza. Baada ya saa 3 na dakika 40 akaona mioto michache iliyowashwa ardhini ili kumwonyesha kiwanja, akatua.

Mwanamke huyo ni Beryl Markham, na leo nataka kusimulia maisha yake. Sababu ni hii. Kila ikitokea ajali ya anga, mabishano ya vijiweni kwetu huwa yaleyale. Mmoja anasema rubani angefuata sheria. Mwingine anasema sheria zimeandikwa na watu waliokaa ofisini, rubani mzoefu anajua zaidi. Tulibishana hivyohivyo baada ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyotoka hapa Dar ilipoangukia ziwani Bukoba kwenye hali mbaya ya hewa na watu 19 wakafa. Sisi tunaokaa Temeke upande wa Yombo tunazisikia ndege kila siku zikipita, na kila mtu hapo mtaani ni mtaalamu. Maisha ya Beryl yanafaa kwa ubishi huu, maana pande zote mbili huwa zinamtaja kama ushahidi wao.

Mtoto wa Njoro

Alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba 1902, akaitwa Beryl Clutterbuck. Baba yake, Charles, alihamia Afrika Mashariki ya Waingereza mwaka 1904 na kuanzisha shamba Njoro, Kenya. Mama hakuyaweza maisha yale, akarudi kwao na mtoto wa kiume. Beryl akabaki na baba, farasi na vijana wa Kinandi waliomfundisha kuwinda kwa mkuki. Alikua anaongea Kiswahili. Shuleni Nairobi hakudumu, na sisi wa ualimu tukisoma habari zake tunaelewa kabisa kwa nini walimu wake walichoka.

Lakini tusidanganyane. Ile ilikuwa Kenya ya walowezi. Rafiki yake mkubwa wa utotoni, Kibii, ambaye baadaye aliitwa arap Ruta, walipokuwa watu wazima yeye akawa mfanyakazi na Beryl akawa bosi. Walipendana na kuheshimiana, lakini mmoja alikuwa na leseni ya urubani na mwingine alikuwa anasafisha ndege. Tunaposema Beryl alikuwa mtu huru asiyeogopa sheria, tukumbuke kwamba sheria nyingi za nchi ile ziliandikwa kwa faida ya watu kama yeye.

Ukame wa mwaka 1919 na 1920 ulimfilisi baba yake, akaondoka kwenda Peru. Beryl, msichana wa miaka 18 hivi, akabaki na kupata leseni ya kufundisha farasi wa mashindano, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya Kenya. Mwaka 1926 farasi wake Wise Child alishinda mbio kubwa za Nairobi. Kumbe kabla hata hajagusa ndege, alishazoea kazi ambayo kosa dogo la mikono linavunja shingo.

Mwalimu Tom

Aliyemfundisha kuruka alikuwa Tom Campbell Black, rubani wa Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na mama mmoja anaitwa Florence Wilson. Masomo yalianza mwaka 1931. Kwangu mimi hapa ndipo penye utamu wa hadithi, maana Tom alikuwa mwalimu wa aina yake.

Siku moja wakiwa angani karibu na vilima vya Ngong, Tom alikaa kimya akamwacha Beryl aelekee moja kwa moja kwenye vilima. Beryl akagundua ndege haipandi tena. Upepo unaoteremka upande wa mlima ulikuwa unaisukuma chini, injini inanguruma lakini vilima vinakuja usoni. Tom akangoja mpaka mwanafunzi aelewe mwenyewe kwamba amekosea, ndipo akachukua usukani na kuitoa ndege pale. Baadaye akamweleza kwamba angeweza kumwonya mapema, ila hakutaka kumnyima haki yake ya kukosea.

Sasa angalieni. Tom alimruhusu akosee, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameketi humohumo, anajua mpaka wa kosa uko wapi, na mkono wake uko karibu na usukani. Uhuru ule ulikuwa na ukingo. Huyohuyo Tom alimfundisha asiwe mtumwa wa vipimo: rubani asiyeweza kuruka bila kutazama vipimo vya kasi na mwinuko hajajua kuruka. Dira tu ndiyo aliyoitenga. Mwendo ukizidi pale macho yanapofika, dira ndiyo ya kuaminiwa, siyo hisia. Somo lenyewe linawekwa kwenye mstari mmoja: ukiona, tumia akili yako, usipoona, fuata kilichopimwa.

Mwaka huohuo, tarehe 14 Mei 1931, rafiki yake Denys Finch Hatton, yule wanayemjua waliotazama filamu ya Out of Africa, aliruka kutoka Voi na ndege yake ikaanguka muda mfupi baadaye. Alikufa yeye na msaidizi wake Kamau. Beryl alikuwa aende naye safari ile. Kwa maelezo yake, Tom ndiye aliyemwomba asiende, bila sababu yoyote ya kueleza, hisia tu. Hali ya hewa haikuwa ukungu, na chanzo cha ajali hakikujulikana kwa uhakika. Kwa hiyo kisa hiki hakimpi ushindi mtu yeyote wa kijiweni. Kinatuambia tu kwamba dakika za kwanza baada ya magurudumu kuachana na ardhi hazina huruma.

Leseni, ndovu na kibali cha Khartoum

Mwaka 1933 Beryl alipata leseni ya urubani wa kibiashara, mwanamke wa kwanza Kenya kuipata. Kuipata hakukuwa suala la ujasiri. Ilibidi ajue kufungua injini na kuisafisha, ajue kusoma njia kwa ramani, ajue hali ya hewa na sheria za anga. Baada ya hapo alibeba barua, abiria, dawa na vipuri kwenda migodini. Alifanya pia kazi ya kuwatafutia wawindaji ndovu kutoka angani, kazi ambayo leo ingempeleka kwenye kurasa za mbele kwa sababu mbaya. Mara nyingine alitafuta marubani waliopotea. Mmoja wao, wa Wilson Airways, alimkuta hai katika mbuga za Serengeti ndege yake ikiwa imekwama.

Wakati huo ilikuwepo kanuni moja iliyomkera. Mwanamke hakuruhusiwa kuruka peke yake juu ya Sudan, kati ya Juba na Wadi Halfa, bila kibali cha jeshi la anga la Uingereza lililokuwa Khartoum. Sababu ilikuwa kwamba chini ni vinamasi na jangwa, na mwanamke akianguka itakuwa balaa. Kana kwamba mwanaume akianguka kwenye vinamasi anaelea.

Naomba tushike tofauti hii, maana ubishi wetu wote unaitegemea. Kuna kanuni inayosema ukungu ukifikia kiwango fulani usiruke, nayo haijali wewe ni nani. Imetokana na jinsi macho na masikio ya binadamu yalivyo. Na kuna kanuni inayosema mtu wa aina fulani asiruke. Hiyo imetokana na woga au dharau ya aliyeiandika. Beryl aliipiga vita ya pili, na alikuwa na haki. Kosa letu ni kuchukua ushindi wake juu ya kanuni ya pili na kuutumia kuidharau ya kwanza.

Jioni ya Abingdon

Safari iliyompa jina duniani ni ya mwaka 1936. John Carberry, mlowezi tajiri wa Kenya, alimwazima ndege mpya aina ya Vega Gull. Lengo lilikuwa kutoka Uingereza hadi New York bila kutua, peke yake, kuelekea magharibi. Amelia Earhart alikuwa ameshavuka Atlantiki peke yake mwaka 1932, lakini yeye alitoka Amerika kuja Ulaya, upepo ukimsukuma. Beryl alitaka kwenda kinyume na upepo.

Alisubiri siku kadhaa kwenye uwanja wa jeshi wa Abingdon kwa sababu ya hali ya hewa. Waandishi wa habari wapo, ndege imejazwa mafuta mpaka kwenye matangi ya ziada ndani, na mwenye ndege anaitaka kwa mashindano mengine mwezi huohuo. Taarifa za hali ya hewa ziliendelea kuwa mbaya: upepo mkali wa mbele, mvua, mawingu ya chini. Jioni ya tarehe 4 Septemba akaamua kwamba anaondoka. Ndege nzito, hakuna redio, usiku unaingia.

Hapa ndipo wapenzi wa ujasiri wanapopiga makofi. Tungojee kidogo.

Usiku ule juu ya bahari, tangi moja la mafuta liliisha na injini ikazima. Mtu akiwa gizani na ndege inashuka, mwili wote unamwambia avute usukani ili apande. Kanuni inasema kinyume: sukuma pua chini. Ndege isiyo na kasi haibebwi na hewa, na ukiinua pua injini ikiwa imezima unaanguka kama jiwe. Beryl alisukuma pua chini, kuelekea majini ambako hakuona chochote, huku mkono mwingine ukipapasa kutafuta koki ya tangi linalofuata. Kwa maelezo yake alikuwa futi 300 hivi tu juu ya maji injini iliposhika tena. Kilichomwokoa si ukaidi. Ni utii kwa jambo alilofundishwa mchana, kwenye mwanga, na mtu aliyetulia.

Asubuhi ya tarehe 5 akafika pwani ya Kanada. Barafu ikazuia matundu ya hewa ya tangi, injini ikaanza kukohoa, akatua kwa nguvu kwenye kinamasi cha Baleine, kisiwa cha Cape Breton, baada ya saa 21 hivi. Pua ya ndege ikazama kwenye matope, yeye akaumia paji la uso. New York hakufika kwa ndege ile, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi.

Wiki mbili baadaye, tarehe 19 Septemba, mwalimu wake Tom alikufa uwanjani Liverpool. Hakuwa angani. Alikuwa anaendesha ndege ardhini, ndege ya jeshi iliyokuwa inatua ikamgonga.

Je, uamuzi wa Abingdon ulikuwa sahihi?

Kwa muda mrefu niliamini ndiyo, kwa sababu alifika. Siku hizi naona hoja hiyo ni dhaifu. Kufika ni ushahidi kwamba alifika. Wangapi waliondoka jioni kama ile na hawakupata nafasi ya kuandika kitabu?

Tuhamie kwenye helikopta, maana huko ndiko ubishi huu ulipo leo. Helikopta ina tatizo ambalo ndege ya kawaida haina. Inapoachana na ardhi huwa haina kasi, na bila kasi haitulii yenyewe. Rubani anaituliza kwa kutazama vitu vya nje: mti, ukingo wa kiwanja, taa. Vipimo vya ndani vinamtosha akishapata kasi fulani. Kwa hiyo kuna sekunde kadhaa za katikati, ambapo ardhi imeshapotea kwenye ukungu na kasi ya kutegemea vipimo bado haijapatikana. Kibaya zaidi, ili helikopta ipate kasi rubani anainamisha pua, na kule kuongezeka kwa kasi sikio la ndani linakutafsiri kama pua inapanda. Anaweza kuisukuma chini zaidi akiamini anainyoosha. Uzoefu hauondoi hilo. Sikio la rubani wa miaka 30 kazini linadanganywa kama langu.

Usiku wa tarehe 13 Machi 2014, huko Gillingham, Norfolk, Uingereza, helikopta aina ya AW139 iliruka kwenye ukungu kutoka kwenye makazi binafsi. Marubani walikuwa wawili, mwenye helikopta yumo ndani, wote wanne waliokuwemo wakafa muda mfupi baada ya kuruka. Uchunguzi ulionyesha kwamba kama ingekuwa safari ya kibiashara, kuruka kwenye ukungu ule kusingeruhusiwa. Kwa kuwa ilikuwa safari binafsi, hapakuwa na kiwango cha chini cha mwonekano kilichowafunga. Uamuzi uliachwa kwa rubani.

Wapo watakaosema hiyo ndiyo heshima kwa taaluma, kumwachia rubani. Mimi naona ni kumtwisha mzigo. Rubani mwenye kanuni mkononi anaweza kumwambia bosi aliyeketi nyuma kwamba hairuhusiwi, na maneno yakaishia hapo. Asiye na kanuni inabidi aseme anaogopa. Wangapi kati yetu wanaweza kumwambia hivyo mtu anayewalipa? Kanuni ya kiwango cha chini haiui busara ya rubani. Inaipa sakafu. Juu ya sakafu ile busara bado ina kazi kubwa, kwa sababu rubani mwema anaweza kukataa kuruka hata pale kanuni inapomruhusu.

Mwisho wake, na kisa changu kidogo

Mwaka 1942 Beryl alitoa kitabu, West with the Night, ambacho ndicho chanzo cha mengi niliyosimulia. Wengine walidai mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, ndiye aliyekiandika, na ubishi huo haujaisha. Kitabu kikasahaulika. Yeye akarudi Kenya, akarudia farasi, akashinda mashindano mengi, akazeeka bila mali. Mwaka 1983 kitabu kilichapishwa upya na dunia ikamkumbuka. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na miaka 83.

Kwa nini haya yananihusu mimi mwanafunzi wa ualimu? Mwaka jana nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja ya sekondari hapa Temeke. Ilikuwa masika. Utaratibu wa shule ulisema mvua ikiwa kubwa, wanafunzi wanaovuka Mto Kizinga wasiruhusiwe mpaka mzazi apigiwe simu. Jioni moja nilibaki peke yangu na wanafunzi saba. Simu za wazazi zilikuwa hazipatikani, giza linaingia, watoto wenyewe wananihakikishia kwamba maji ni ya magotini tu, Ticha, tumezoea. Nikatazama mvua, nikaona imepungua, nikawaruhusu.

Walifika salama. Siku mbili tatu nilijiona nina busara kuliko utaratibu. Wiki iliyofuata nikapita pale mtoni kwa miguu nikaona alama ya maji kwenye nguzo ya kivuko. Ilikuwa juu ya kifua changu. Sijui ilifika pale jioni ipi, na ndiyo maana bado inanikosesha raha. Mimi niliamua nikiwa darasani, kwa kutazama mvua ya dirishani, kuhusu mto nisiouona.

Tunaohitimu mwaka huu tunaenda kupewa madarasa, wengine mabweni, wengine mabasi ya shule. Tutakutana na kanuni za kijinga kama ile ya Khartoum, na tuzipinge kwa barua, kwa vikao, kwa sauti. Lakini kabla ya kuivunja yoyote jioni ya mvua, tujiulize kwanza kama inahusu mtu au inahusu mto. Kama ni mto, tukae na watoto mpaka simu ipatikane.